Makabati Hayo Yafunguliwe, Yasichomwe

Wako watu miongoni mwetu, tena wenye elimu na vyeo, ambao wakiona mashine imekufa hujua mambo mawili tu ya kuifanyia: kuifungia stoo mpaka ioze, au kuiteketeza mbele ya wapiga picha. Njia ya tatu, ambayo ni kuifungua, kuisoma na kuihuisha, hawaitambui kabisa. Na ukiwatajia hukutazama kama mtu aliyepotewa na akili. Makala haya yanawahusu watu hao. Yanawahusu hasa wakuu wa shule, maofisa ugavi na watumishi wa halmashauri ambao wamekabidhiwa mali ya umma, na ambao kwa kalamu zao mali hiyo huitwa nzima leo na chakavu kesho.

Mfano nitakaoutumia utawashangaza wengi. Ni kabati la mchezo. Nakusudia lile sanduku refu la mbao, lenye kimo cha mtu mzima na uzito unaopita kilo 100, lenye kioo cha televisheni ya chogo kifuani, kishikizo na vitufe viwili vitatu, na tundu la kutumbukizia sarafu, ambalo lilienea katika mabaa na kumbi za starehe za Marekani, Japani na Ulaya katika miaka ya 1970 na 1980. Huko makabati hayo sasa ni adimu. Watu wazima wenye kazi zao huyasaka katika mabohari na mabanda, huyanunua yakiwa yameliwa na panya, kisha hukaa miezi wakiyatengeneza mpaka yawake tena. Hapa kwetu Nyanda za Juu Kusini, pendekezo la kwamba vijana wa Mbeya watafute kabati moja la namna hiyo na walifufue kwa mikono yao lingepokewa kwa kicheko. Mimi nalitoa pendekezo hilo bila kucheka, na nitaeleza kwa nini.

Pita Soweto, jijini Mbeya, saa za jioni, wakati magunia ya viazi na mikungu ya ndizi inapofunikwa sokoni na baridi ya Loleza inapoanza kushuka. Utawaona mafundi wa redio na simu wameinamia meza zao, na nyuma yao televisheni za chogo zimerundikana kama matofali. Utaona pia, kama uonavyo katika mitaa mingi ya miji yetu tangu Tunduma mpaka Dar es Salaam, sanduku lenye taa za kumetameta limesimama kwenye kibaraza cha duka au mlangoni mwa kilabu cha pombe, na mbele yake kijana, pengine mtoto mwenye sare ya shule, anatumbukiza sarafu ya shilingi 200. Wananchi wamekwisha kulibatiza jina, wanaliita dubwi. Sarafu inayozama humo ina sura ya Marehemu Mzee Karume, mtu ambaye hakufanya mapinduzi ili mtoto wa mkulima apoteze hela ya maandazi kwa mashine.

Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inakataza aliye chini ya umri wa miaka 18 asicheze. Sheria ipo, Bodi ipo, na mtendaji apitaye barazani hapo kila asubuhi akienda ofisini naye yupo. Lakini sikukusudia kurudia hoja ya maadili, ambayo imekwisha kuhubiriwa vya kutosha misikitini na makanisani. Ninalotaka kulisema ni la ufundi, na kwa hiyo ni la siasa.

Ndani ya dubwi mna programu iliyokwisha kuamua, kwa hesabu ya asilimia, mwenye mashine atabakiwa na kiasi gani. Mchezaji awe hodari asiwe hodari, awe na uzoefu wa miaka kumi au ndiyo kwanza anaingia, hesabu ni ile ile. Hakuna anachoweza kujifunza humo kitakachomfaa kesho. Sanduku lenyewe limefungwa kwa kufuli, na ufunguo anao mtu ajaye kwa pikipiki kukusanya sarafu. Tumezoea kuuita mrija kila unyonyaji mkubwa. Basi huu nao ni mrija, ingawa ni mwembamba na una taa za rangi.

Kabati la zamani ninalolisema halikuwa la sadaka. Nalo lilikula sarafu, na waliolimiliki walikuwa mabepari waliojua biashara yao. Yafaa hilo lisemwe wazi, maana siandiki tenzi za kuwasifu. Kampuni ya Atari ilipoweka mashine yake ya kwanza ya Pong katika baa moja ya mji wa Sunnyvale, California, mwaka 1972, haukupita muda ikaacha kufanya kazi. Fundi alipokwenda kuifungua alikuta hakuna kilichoharibika ila sarafu zimejaa mpaka zimeziba. Hata hivyo iko tofauti kubwa. Mchezo wa kabati lile ulimdai mchezaji jicho, mkono na akili. Aliyejifunza alicheza muda mrefu kwa sarafu ile ile. Asiyejifunza alifukuzwa upesi. Mashine ilishindwa na ustadi, na ustadi ni kitu ambacho maskini anaweza kuwa nacho sawasawa na tajiri.

Tena, na hapa ndipo mwalimu wa fizikia au hisabati atakapoona ninakoelekea, mashine ile ilikuwa ndogo kiasi cha kuweza kueleweka yote. Chukua mchezo wa Space Invaders, uliotengenezwa na Mjapani Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito mwaka 1978. Programu yake nzima ilikaa katika baiti 8,192. Makala haya unayoyasoma yana herufi nyingi kuliko hizo. Katika mchezo huo safu za viumbe vya angani hushuka polepole, na kadiri mchezaji anavyozipunguza ndivyo zilizobaki zinavyokwenda mbio. Wengi hudhani mbio hizo zilipangwa tangu mwanzo. La hasha, kichakato cha siku zile kilikuwa dhaifu, kikielemewa na kazi ya kuchora viumbe vingi kwa mara moja, na kila kimoja kilipoondolewa mzigo ulipungua, mashine ikapata pumzi, ikakimbia. Nishikado aliona jambo hilo akaliacha liwe sehemu ya mchezo. Mwanafunzi wa kidato cha tatu akielezwa hayo huku jalada la mashine limefunguliwa na anaona kwa macho yake kilipo kichakato na ilipo kumbukumbu, ataelewa kompyuta ni kitu gani kuliko atakavyoelewa kwa kukariri maana yake ubaoni kwa mwaka mzima.

Sasa, kwa nini kabati hilo si sehemu ya kumbukumbu zetu? Jibu lina historia. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, nayo ilikuwa ya aina ya ICT 1500 kutoka Uingereza. Iliyoifuata ilileta gharama na fadhaa kuliko faida, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vya elektroniki vya jamii hiyo, televisheni zikiwamo. Wako wanaoudhihaki uamuzi huo leo wakiwa wamekaa mbele ya kompyuta zao. Wanasahau mwaka 1974 ulikuwa mwaka gani: bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafla tangu mwishoni mwa mwaka 1973, mvua zilikataa, na fedha za kigeni zilihitajika kununua chakula. Serikali iliyochagua unga badala ya vioo vya televisheni haikufanya upumbavu.

Lakini ukweli nao usemwe. Mlango ule ulipofungwa dhidi ya mashine, ulifungwa vile vile dhidi ya fundi ambaye angelijifunza kwazo. Mafundi wetu wa redio hawakutoka hewani. Walijifunza kwa redio za kiwanda cha Matsushita cha Dar es Salaam na nyingine za siku zile, ambazo zilifunguka kwa bisibisi moja na ambazo vipuri vyake mtu aliweza kuvitambua kwa jicho. Mzee alimfundisha kijana, kijana akamfundisha mdogo wake, na elimu hiyo ndiyo inayokula chakula Soweto mpaka leo. Kwa mashine za picha na hesabu hatukupata kizazi cha namna hiyo. Mlango ulipokuja kufunguliwa vilikuwa vinaingia vitu vilivyokwisha kupikwa na kufunikwa: simu iliyogundishwa kwa gundi, na dubwi lililotiwa kufuli. Tumekuwa taifa la kubonyeza vitufe vya watu.

Linganisha na reli ya TAZARA ipitayo hapa hapa Mbeya, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976. Reli ile haikuja peke yake. Vijana wa Tanzania na Zambia wapatao 200 walipelekwa Beijing kusomea kazi za reli, na maelfu wengine walijifunza kazi njiani wakiwa na sururu, spana na Mchina mmoja anayewaonyesha kwa ishara. Mashine iliyokuja na mwalimu ilituachia mafundi. Mashine nyingi za dubwi nazo zimetoka Uchina, lakini hazikuja na mwalimu. Na wala si kosa la Wachina, maana mfanyabiashara hafundishi asipoombwa. Ni kosa letu sisi tusioomba.

Baada ya hayo tunafanya nini? Tunachoma. Mwaka 2018 Serikali ya Kenya iliziteketeza hadharani mashine za kamari zilizokamatwa, viongozi wakitazama moshi, na wako wenzetu huku waliopiga makofi wakataka tuige. Nawauliza hao: moto ule ulimfundisha nani nini? Plastiki ikatoa sumu, shaba ikaenda kwa wauza vyuma chakavu, na mwenye mashine akaagiza nyingine. Mmarekani naye amepita njia hiyo kabla yetu. Mwaka 1983, soko la michezo ya elektroniki lilipoporomoka, kampuni ile ile ya Atari ilizika bidhaa zake kwa malori katika jalala la mji wa Alamogordo, New Mexico, ikamwagia zege juu. Mwaka 2014 watu wakaenda na matingatinga kuzifukua, na baadhi ya zilizofukuliwa zikawekwa katika majumba ya makumbusho. Makabati nayo yalivunjwa kuni siku zile. Ndiyo sababu yaliyobaki yana bei. Uadimu huo wanaouimba ni matokeo ya upumbavu wao wenyewe, nasi hatulazimiki kuununua upumbavu huo kwa jumla.

Mashine ya kamari ikishakamatwa na mahakama ikaamuru itaifishwe, kinachostahili kuharibiwa ni kile kipande kimoja chenye programu ya kamari, ambacho hakizidi ukubwa wa daftari. Kilichobaki ni darasa zima: kigawa umeme kinachotoa volti 5 na volti 12, kioo, vitufe, taa, spika, nyaya za kila rangi, na kile kifaa cha kupimia sarafu ambacho hutambua shilingi halisi kwa upana, unene na madini yake. Shule ngapi za sekondari za mikoa ya Mbeya na Iringa zina vitu hivyo katika maabara? Toleo la mwaka 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo limeleta mkondo wa amali katika sekondari, na walimu wamepokea mkondo huo kwa moyo mkunjufu, lakini kila mkutano wao huishia kwenye kilio kimoja, nacho ni vifaa. Basi vifaa ndivyo hivyo tunavitia kiberiti.

Nieleze sasa kazi yenyewe ya kufufua kabati ilivyo, maana wengi wanaoikejeli hawajui ni kazi gani. Kwanza ni kulipata. Litafutwe kwanza karibu, katika mabohari ya hoteli na vilabu vya zamani vya Afrika Mashariki, kabla hatujawafikiria mawakala wa ng'ambo. Na likipatikana likaguliwe kwa tochi kabla ya kulipia, kwa sababu muuzaji husifia rangi, na ugonjwa uko nyuma. Likifika lisiwashwe. Hapa ndipo wengi huua walichokinunua. Kabati lililotengenezwa kwa ajili ya Marekani linataka umeme wa volti 120 hivi, la Japani volti 100, na wa kwetu ni volti 230. Alichomekaye kwa pupa husikia mlio mmoja na kunusa harufu moja, ndio mwisho wa hadithi. Yatakiwa transfoma ya kushusha umeme, na kabla ya transfoma yatakiwa mita na subira.

Mbao za makabati mengi zilikuwa za unga wa mbao ulioshindiliwa, na zikiguswa na maji chini huvimba kama mkate uliolowa. Hazitengenezeki, hukatwa nyingine kwa kufuata umbo la ile iliyooza. Na mkoa wa Iringa una nini kama si miti? Msitu wa Sao Hill uko Mufindi, plaiwudi hutoka Mafinga, na seremala awezaye kuchonga kitanda cha maharusi hawezi kushindwa na ubavu wa kabati.

Kigumu zaidi ni kioo. Bomba la picha la televisheni ya chogo huhifadhi umeme mkali, volti 20,000 na zaidi, hata baada ya kuchomolewa ukutani, na humrusha asiyejua. Mwanafunzi hufundishwa kwanza kuutoa umeme huo kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki iliyofungwa waya wa kuupeleka kwenye fremu ya chuma, mkono mmoja ukiwa nyuma ya mgongo. Na asiyeweza kufuata utaratibu huo haruhusiwi kusogea. Baada ya hapo hubadilishwa kapasita, ambazo baada ya miaka 40 zimekauka ndani, na picha iliyokuwa ikitetemeka hutulia. Bomba likiwa limekufa kabisa ndipo linapokuja jambo la kuchekesha. Viwanda vilivyotengeneza mabomba ya aina hiyo vimefungwa duniani, na wapenzi wa makabati huko Ulaya na Marekani huhangaika kutafuta televisheni kuukuu ili wahamishe mabomba yake, wakihakikisha shingo na koili zinalingana. Kile wanachokililia wao ndicho kilichorundikwa kama matofali nyuma ya fundi wa Soweto, na watoto wanakirushia mawe.

Bodi ya mchezo nayo ina maradhi yake. Betri iliyovuja huila shaba. Husafishwa kwa siki au maji ya ndimu, kisha nyuzi zilizokatika huunganishwa moja moja kwa kulehemu. Meno ya bodi yaliyopata kutu husuguliwa kwa kifutio cha penseli, kile kile cha darasa la tatu. Chipu zenye programu husomwa kwa kompyuta na kulinganishwa na kumbukumbu sahihi, na iliyopoteza herufi hata moja huandikwa upya. Tangu mwaka 1985 Wajapani walikubaliana juu ya mpango mmoja wa kuunganisha nyaya, uitwao JAMMA, wenye pini 56, hata bodi ya kampuni hii ikaweza kuchomekwa katika kabati la kampuni ile. Na mpango huo unaendelea kutumika. Kijana aliyezifuata pini hizo zote kwa mita, akaandika kila moja kazi yake, amefanya mtihani ambao hakuna kitabu cha majibu kinachoweza kumwibia.

Useremala, umeme, elektroniki, programu, upakaji rangi na hesabu za gharama, yote hayo yamo katika sanduku moja. Nani ataniambia huo ni mchezo?

Yuko atakayeniambia. Tena najua atasema nini: kwamba nchi yenye shule zisizo na madawati haiwezi kushughulika na anasa za watoto wa mabepari. Hoja hiyo naiheshimu, kwa kuwa imetoka katika shule ile ile ya siasa iliyonilea. Lakini mwenye kuisema asome tena Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967. Mwalimu hakuwataka wanafunzi walime kwa sababu Tanzania ilikosa wakulima. Aliwataka walime ili elimu isitengane na mikono. Na uamuzi wa Chama uliotolewa Iringa mwaka 1972, Siasa ni Kilimo, ulimtaka kiongozi aache kuhubiri kilimo bora kwa mdomo, akashike jembe. Wakati ule jembe ndilo lililokuwa zana. Leo mtoto wa mkulima wa Rungwe anakutana na kompyuta katika zahanati, katika mizani ya kahawa na katika simu ya baba yake, na hajaona hata moja ikiwa imefunguliwa. Mashine ya kumfundishia ikiwa ni ya mchezo, vizuri zaidi, kwa kuwa atabaki karakanani hata kengele ikishalia.

Wengine watasema tunakaribisha takataka za Ulaya. Hao wana haki ya kuogopa; Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991 uliandikwa na Waafrika kwa hofu hiyo hiyo. Lakini kabati moja linalotafutwa kwa jina, likakaguliwa na kununuliwa kwa ajili ya kufundishia, si kontena la vyakavu lililotupwa bandarini. Tena mimi sikuanza na la ng'ambo. Nimeanza na yale yaliyomo mikononi mwa polisi.

Na wale wasemao kwamba jambo hili halina heshima ya kitaaluma, wajue kwamba Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa la New York liliingiza michezo 14 ya elektroniki katika hazina yake mwaka 2012, Pac-Man wa mwaka 1980 akiwa mmoja wao. Mimi sioni kwamba heshima hutoka New York, lakini najua wako wasomi wetu wasioamini jambo mpaka wasikie limefanywa huko, basi hao nawapa.

Kinachonikera zaidi si hoja za wapinzani hao. Ni stoo zetu. Nimeingia katika stoo za ofisi za umma na za shule katika mikoa kadhaa, na picha ni moja: kompyuta zenye vioo vya chogo, mashine za kurudufia, redio za darasani, projekta, viyoyozi, vyote vimepakwa namba ya mali ya Serikali kwa rangi nyeupe na vimefunikwa vumbi. Mwenye stoo hawezi kuvitoa kwa sababu havijafutwa. Wa kuvifuta hajafika kwa sababu hajaombwa. Wa kuomba amehamishwa. Miaka inapita, panya wanazaa ndani ya projekta, hatimaye unapigwa mnada na mfanyabiashara wa vyuma anabeba vyote kwa bei ya kilo. Karibu na stoo hiyo iko shule ambayo mwalimu wake wa amali anachora transista ubaoni kwa chaki. Hakuna kanuni iliyovunjwa katika habari yote hiyo, na kila karatasi imetiwa sahihi mahali pake.

Simlaumu mtunza stoo. Anaogopa hoja ya mkaguzi, na ana haki ya kuogopa. Namlaumu mkubwa wake ambaye kwa barua ya nusu ukurasa angeweza kuomba vifaa hivyo vihamishiwe shuleni kabla havijawa vumbi, lakini barua hiyo haina posho ndani yake. Ofisa wa namna hiyo akisikia habari za semina ya ubunifu mjini Dodoma hukosi kumwona kwenye basi la kwanza.

Mbeya ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, ambacho mizizi yake ni Chuo cha Ufundi kilichoanzishwa mwaka 1986. Ina vyuo vya VETA, ina SIDO, chombo kilichoundwa mwaka 1973 kwa kusudi la kuwasaidia mafundi wadogo. Ina Soweto, mtaa ambao jina lake haliwezi kutajwa mtu asikumbuke watoto wa Soweto ya Afrika Kusini waliopigwa risasi tarehe 16 Juni 1976 kwa sababu walikataa elimu ya kuwadumaza. Kinachokosekana ni mtu mmoja wa kuwaketisha pamoja mhandisi mwenye shahada na fundi wa kibanda asiye na cheti. Kwa kawaida hawasalimiani. Mhandisi anajua kwa nini kapasita hukauka. Fundi anajua kwa kidole ni ipi iliyokauka. Mbele ya kabati moja lililofunguliwa, kila mmoja atalazimika kumwuliza mwenzake.

Kazi hiyo haihitaji mradi wa wafadhili wala uzinduzi wenye maturubai. Inahitaji chumba chenye dirisha, meza mbili, mita mbili, kifaa cha kulehemu, kizima moto, na fundi wa Soweto alipwe kama mwalimu wa muda kwa siku mbili za juma. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na Jeshi la Polisi waombwe mashine kumi zilizokwisha kutaifishwa na kuondolewa programu ya kamari. Vijana wazivunje na kuziunda upya. Programu za michezo waandike wenyewe, bao likiwa la kwanza, kwa kuwa mchezo wa bao una hesabu ya kumtoa jasho mwandishi wa programu yeyote. Tundu la sarafu lizibwe kwa ubao. Zikishawaka kumi hizo, ndipo litafutwe kabati moja la kweli la miaka ya 1970 au 1980, lifufuliwe na mikono iliyokwisha kuzoea, na liwekwe mahali ambapo wanafunzi wataliona wazi, likiwa na mlango wa nyuma wa kioo ili matumbo yake yaonekane. Makumbusho ya Boma ya Iringa, yaliyofunguliwa mwaka 2016 katika jengo la enzi za Wajerumani, yamekwisha kuonyesha kwamba Nyanda za Juu Kusini zinaweza kutunza kitu cha kale na watu wakaja kukitazama.

Mkuu wa shule ambaye hana habari aanzie wapi, aanzie na stoo yake mwenyewe Jumatatu asubuhi, kabla ya gwaride. Aingie na mwalimu wa fizikia, aandike orodha ya kila chombo kilichokufa, na barua ya kuomba kibali iondoke siku hiyo hiyo kwenda kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, nakala kwa Ofisa Elimu. Kama jibu halikuja baada ya siku 30, aandike tena, na nakala ya pili ailete kwa mhariri wa gazeti hili.